Fungu la Saidi Kando ya Mtungi

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, na jana ulipomfokea yule muuguzi ikanirudia yote. Gari lilituharibikia Mombo, tukachelewa hospitali, naye akaitupa dripu yangu ya saratani waliyoichanganya asubuhi. Ukamwambia ana roho mbaya, anatupa uhai wa mama yako. Una hasira za babu yako, wewe. Kaa hapa nikueleze.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, huku Handeni, nami ni msichana mdogo. Baba alikata mkonge Korogwe, na siku ya kurudi haikujulikana. Kwa hiyo kila jioni mama alimwekea ugali na mlenda, akafunika. Ndivyo alivyolelewa: chochote kikipatikana, asiyekuwepo ana fungu lake.

Basi nikaugua kifua. Mganga wa zahanati alitupatia dawa ya unga, akaichanganya na maji mbele yetu.

"Mama, wiki ikipita, itakayobaki mwaga."

Mama akaitikia vizuri tu. Lakini nilipopata nafuu akaacha kuninywesha, chupa ikabaki nusu, na kumwaga hakuweza. Dawa siku zile ilipatikana kwa kubahatisha. Akaiweka kando ya mtungi, penye ubaridi, akisema ni fungu la Saidi, mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa mzima kabisa.

Masika yalipokolea, Saidi akashikwa kifua kama mimi. Mama hakuhangaika na zahanati. Dawa si ilikuwepo? Rangi ile ile, harufu ile ile. Alimnywesha, akangoja. Mtoto anazidi kuhema, yeye anasema, "Itafanya kazi, ilimponya dada yake." Tulipomfikisha kwa mganga alikuwa hawezi hata kumeza. Mganga aliitazama chupa, akainamisha kichwa.

"Mama, hii ilishakufa zamani."

Saidi tulimzika kesho yake. Inaniuma mpaka leo. Baba alirudi na njaa yake, akafunua chungu, akakuta kitupu. Mama hakumwekea mtu chakula tena mpaka anakufa.

Mwanangu, chakula niwekee. Dawa ikishachanganywa ina muda wake, na macho hayakuambii kama ingali na nguvu. Anayeitupa muda ukipita hajakunyima kitu. Kesho nenda kamwombe radhi yule binti, umuulize tufike saa ngapi. Nguvu za safari bado ninazo kidogo, sijui ni za mara ngapi. Mungu akupe moyo wa kusikiliza, na wanao akuachie wote.