Noti ya Mwisho ya Baba

Baba yangu hushuka. Nasema sauti. Katika kanisa letu la Wasabato, juu kidogo ya Itumbe huku Kisii, kila mtu anajua kwamba mwalimu wa kwaya akifika kwenye noti ndefu ya mwisho, sauti yake huteleza chini polepole, na kwaya nzima humfuata huko huko, maana nani atabaki juu peke yake? Sijawahi kusikia mtu akilisema jambo hilo, hata watu wakiwa shambani wanachuma chai na Baba yuko mbali.

Mama alibaki juu. Alikuwa anaimba sauti ya pili, na Sabato moja alishikilia noti yake pale pale ilipoandikwa ubaoni. Baba akasimamisha wimbo. Akamwambia apande juu ya benchi aimbe peke yake, ili wote wasikie anavyoharibu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake kwa kila aliyekosea, awe mkewe au asiwe. Mama akapanda, akaimba sawasawa, akaambiwa bado amekosea. Akateremka, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, na hajarudi mbele tangu siku hiyo. Nyumbani aliendelea kumpakulia Baba ugali kama kawaida.

Kisha kanisa likapata kinanda cha umeme, nami nikapewa kukicheza. Kabla sijakigusa, Baba alibandika selotepu juu ya vibonyezo vya ngoma na juu ya kile kigurudumu kidogo cha kushoto kinachopindisha sauti. Alisema hivyo ni vya wahuni. Sasa kinanda nacho kikawa na tabia ya Mama: hakishuki. Kwaya ikiteremka na Baba, chenyewe kinabaki juu, na anayepandishwa benchi ni mimi. Jamani, kinanda kimetoka kiwandani hivyo, kitakoseaje? Lakini nilipanda, mbele ya vijana niliosoma nao, na nilimchukia Baba kila nilipopanda.

Ndipo niliposikia kwamba chuo kikuu kimoja kina tawi mjini Kisii, na kinatoa cheti cha jazi kwa muhula mmoja. Wazee wa kanisa walisema jazi ni muziki wa baa. Baba akawanyamazisha, akaniambia mbele yao, "Nenda. Ukifaulu, kwaya ni yako, mimi nimechoka. Ukianguka, kinanda hicho hutakigusa tena, na utakaa huko nyuma na mama yako." Alikuwa na hakika nitaanguka. Mimi niliitaka ile kwaya kuliko kitu chochote duniani.

Mwalimu wetu chuoni alikuwa mtu wa Nairobi, mmoja wa wale wanaotabasamu wakiwa karibu kukuumiza. Alitueleza kwamba katika jazi unacheza wimbo jinsi ulivyo, halafu unabuni wako juu yake, papo hapo, bila kuandikiwa. Mimi nimelelewa kwa solfa, zile do-re-mi za ubaoni. Kwetu noti isiyo ubaoni ni utovu wa nidhamu. Basi nikafanya kile ambacho mwanakwaya yeyote wa kwetu angefanya: nilikaa nyumbani nikatunga huo ubunifu wangu wa papo hapo, do hadi do, nikaukariri wote. Kwenye kituo cha kununulia chai, nikisubiri majani yangu yapimwe, vidole vyangu vilikuwa vinatembea juu ya kikapu.

Mtihani ulifanywa mbele ya watu. Baba alikuja na suti yake ya Sabato ingawa ilikuwa Alhamisi, akakaa mstari wa mbele. Nikacheza. Mwalimu akasema, "Vizuri. Cheza tena, useme kitu kingine."

Nikacheza tena. Ikatoka vilevile, hakuna kilichopungua. Baba akapiga makofi peke yake, kwa sababu kwake ufundi ndio huo, kurudia bila kubadilisha.

"Mzee, huyu ni nani wako?" mwalimu akamuuliza.

"Ni binti yangu. Na mimi ndimi niliyemfundisha."

"Inaonekana," mwalimu akasema, na wanafunzi wakacheka. Baba naye akacheka, akidhani amesifiwa. Hapo nilimhurumia kidogo.

Mwalimu akanigeukia. "Umekariri. Hata kasuku angepita mtihani wako. Nakupa nafasi moja, ucheze kitu ambacho hakijaandikwa popote. La sivyo rudi kwenu ukachume chai."

Nikamtazama Baba. Alikuwa ananiinulia kidevu nirudie kile kile, huku kidole chake kikihesabu mapigo kwenye goti, kama anavyofanya kila anapompandisha mtu benchi. Nikapandwa na hasira. Nikaanza wimbo wetu wa kufungia ibada, na nilipofika noti ya mwisho nikaweka mkono wa kushoto kwenye kile kigurudumu. Kile cha chuo hakikuwa na selotepu. Nikakivuta polepole, na kinanda kikashuka vile Baba anavyoshuka, hata na kale katetemeko kake ka mwisho. Nikarudia, nikamshusha zaidi. Nikamzungusha, nikamchezesha, nikampandisha juu nikamwangusha tena. Wanafunzi walicheka hadi wakapiga meza. Mwalimu alikuwa anafuta machozi. "Huyo namjua," akasema. "Kila kanisa linaye."

Kidole cha Baba kilikuwa kimesimama. Nilimtazama usoni nikiendelea kucheza, na sikuacha.

"Umefaulu," mwalimu akasema. "Hiyo sasa ni jazi."

Ahadi Baba aliitimiza. Siku ya Sabato alisimama mbele ya kanisa akasema kwaya ni yangu, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda nyuma. Nilibandua selotepu kwa kucha. Kwaya ikaimba, na noti ya mwisho ikasimama pale ilipoandikwa. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Nilipogeuka nikamwona Baba ameshika kitabu wazi na amefunga mdomo. Hajaimba tena tangu hapo, hata katika sala za nyumbani. Watu wanasema nimemzika akiwa hai. Wacha waseme.

Sabato ile nilikuwa nimemwona Mama akisogea kwenye benchi kumpa nafasi, akimnong'oneza kitu. Jioni, tukichambua mboga, nikamuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia akae," Mama akasema. "Nikamwambia huku nyuma mtu huzoea."