Gari ya spoti, tairi za pikapu, na safari ya Nkwenda niliyoambiwa siiwezi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Karagwe, miaka ya tisini mwanzoni. Siongezi chumvi.

Mume wangu alikuwa fundi magari pale Ndama. Alinunua gari ya spoti mbovu, milango miwili, akaifufua kwa mikono yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni nilikuwa namshikia spana na kumsumbua kwa maswali.

Akafariki.

Matanga hayajapoa, shemeji yangu Fideli akaja na mteja wa kuinunua ile gari.

"Shemeji, mwanamke gari hii ya nini? Haifiki hata Nkwenda."

"Na ikifika?"

"Ikifika, sitaitaja tena."

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Hakuinua hata kichwa. "Nimesikia. Na mimi nitapanda."

Tatizo wakuu lilikuwa tairi. Zilikuwa zimeisha na saizi yake haikupatikana. Nikapata za pikapu, kubwa kidogo. Kufungika zilifungika.

Kona ya kwanza tu, krrrr! Mbele zinagusa ukikata stelingi mpaka mwisho. Nyuma, kila shimo fenda, lile bati la juu ya gurudumu, inakula tairi.

Fundi mmoja akasema nikate fenda kwa tindo. Nikamwambia hapana, chuma ukishakata hakioti tena.

Nikapaka chaki fenda zote kwa ndani. Nikapakia magunia mawili ya maharage, nikazunguka uwanja wa mpira wa shule. (Walimu wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Wacheke tu.) Palipofutika chaki, ndipo panaposugua.

Ukingo wa fenda za nyuma nikaukunja kwa ndani, nyundo juu ya kipande cha mti, taratibu rangi isipasuke. Juu ya springi nikaweka raba nene, gari ikainuka vidole viwili. Mbele kuna bolti zinazozuia stelingi isipitilize. Nikaziongezea washa, vile vipete vya chuma, stelingi ikome mapema kidogo. Ikawa inataka nafasi kubwa kugeuka, lakini haigusi.

Siku tatu. Nililia mara moja tu. Nilikuwa chini ya gari, nikanyoosha mkono nje kuomba spana, hapakuwa na mtu wa kunipa.

Jumamosi tuliyopatana na Fideli, tukaondoka. Mama mkwe kashika mlango kwa mikono miwili: "Mpora mpora, mwanangu, taratibu." Tulipovuka mashimo matatu bila mlio, akaniangalia. "Ongeza."

Nkwenda sokoni Fideli alikuwa anasubiri na mteja wake. Akainama, akapapasa tairi moja moja akitafuta palipoliwa. Hakupata.

"Nani kakutengenezea?"

Mama mkwe akanijibia. "Mke wa kaka yako. Na hujamsalimia."

Mteja akaondoka wa kwanza.

Niliiendesha gari ile miaka saba, mpaka Nyakakika nilifika. Fideli hakuitaja tena, na alipomwoza mtoto wake alikuja kuniomba nibebe maharusi. Niliwabeba.

Nilichojifunza: tairi ikisugua, tafuta kwanza inagusa wapi, ukiwa umepakia mzigo na stelingi umekata mpaka mwisho. Kukata fenda iwe mwisho kabisa. Na mtu akikwambia kitu hukiwezi, muulize yeye amewahi kukijaribu lini.

Mafundi, nirekebisheni nilipokosea, napokea. Ila wewe unayetaka kuandika kwamba gari si mambo ya wanawake, andika tu hapo chini. Nipo, na ninasoma kila kitu.