Neno 'nusu' lilivyomshusha Winarsih melini

Spika ya korido inawaita kwa mara ya pili. Bwana na Bibi Pember wanaombwa kufika mapokezi mara moja. Winarsih anasikia, mikono yake ikiwa ndani ya foronya, na anajiambia kwamba labda wazee wamepitiwa na usingizi kwenye viti vya sitaha ya juu, kama kawaida yao.

Kisha anatazama nyuma ya mlango. Kofia ya Bibi Pember haipo. Viatu vya mumewe vya kutembelea havipo. Anafungua friji ndogo iliyo chini ya kioo na kuikuta kalamu ya insulini, sindano ya kisukari ya bibi, pale pale ilipolala tangu asubuhi.

Ni saa kumi na dakika arobaini jioni. Nje, kwenye gati la Semarang, bandari ya kisiwa cha Jawa, ngazi ya meli bado iko chini, lakini vijana wa kamba wameshavaa glavu. Saa kumi na moja meli inaondoka.

"Nilijua hawamo melini," anasimulia Winarsih, mama wa miaka thelathini na tisa. "Nilikaa juu ya kitanda cha abiria, kitu ambacho kwetu ni marufuku, nikasema, Gusti Allah, wazee wa watu wamefikwa na nini?"

Kwa miaka saba mama huyu wa Kijawa amekuwa mtandika vitanda katika meli za watalii. Ana vyumba kumi na sita, na kila kimoja hukiingia mara mbili kwa siku. Asubuhi anasafisha, jioni anafunua shuka na kukunja taulo hadi ligeuke tembo au nyani, ili mgeni akitoka kula acheke kabla ya kulala. Mgeni akicheka, msimamizi hana neno. Asipocheka, mtu ataulizwa.

Kwao ni Tambak Lorok, mtaa wa pwani hapo hapo Semarang, ambako maji ya bahari hupanda hadi majumbani. Wenyewe huyaita rob. Kila baada ya miaka michache watu humwaga kifusi na kuinua sakafu, ila paa halipandi pamoja nayo. Mlango ambao marehemu baba yake alikuwa akiupita wima, leo Winarsih anaupita ameinama.

Ndiyo maana yuko baharini. Anataka kiwanja mlimani, upande wa Ungaran, mahali ambapo mvua ikinyesha maji yanateremka kwenda kwa wengine. Alikuwa amebakiza mikataba miwili tu. Kwa mtu wa namna hiyo, kupoteza kazi ni kumwacha mama na mtoto ndani ya maji.

Na siku hiyo alikuwa na kosa kifuani.

Bwana Pember, Mwingereza wa miaka sabini na minane, anapenda gari moshi za zamani kama wengine wanavyopenda mpira. Alitaka kwenda Ambarawa kuziona, lakini basi la watalii lilikuwa limejaa, na magoti ya mkewe hayapandi basi. Akamuuliza Winarsih kama hamjui dereva mwaminifu. Anamjua. Ni Wagiman, mdogo wake wa tumbo moja.

Mfanyakazi wa meli hatakiwi kumtafutia abiria safari ya nje. Anayekamatwa hufungishwa mizigo bandari inayofuata. Winarsih alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini Wajawa wana kitu wanakiita sungkan, ile haya ya kumkatalia mkubwa anayekuomba kwa upole, na sungkan haijawahi kusoma kanuni za meli.

"Walikuwa wakiniita binti," anasema. "Ningeanzaje kusema hapana?"

Asubuhi, wakati wazee wanatoka, Bibi Pember alimuuliza mwisho wa kurudi ni saa ngapi. Ubao wa saa upo mlangoni pa meli, lakini mumewe huteremka ngazi akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili na macho kwenye vidole vya miguu, na mkewe naye humwangalia yeye. Heri kumuuliza binti. Binti akajibu kwa Kiingereza chake kizuri tu: nusu kumi na moja. Bibi akarudia, nusu kumi na moja, akambusu shavuni.

Baada ya kumaliza vyumba vya asubuhi, Winarsih naye akapata ruhusa ya kushuka. Alifika kwao akiwa amebeba sabuni za melini na chokoleti, akainama mlangoni, na mama yake, Bu Sumirah, akamwambia kwamba aliyezoea kuwatandikia Wazungu leo atatandika mkeka mwenyewe. Walikula tofu, jibini ya soya, na kamba wa kukaanga kwa mchuzi wa karanga. Binti yake Niken, aliye darasa la sita, alisimama kwenye fremu ya mlango kuonyesha alivyokua.

"Mama, mwakani na mimi nitainama," alisema.

Bu Sumirah alicheka. Winarsih hakucheka.

Saa tisa Wagiman alikuja kumchukua kumrudisha bandarini, kwa sababu wafanyakazi hutakiwa kurudi kabla ya abiria. Gari lilikuwa tupu. Winarsih akataka kujua wazee wako wapi. Mdogo wake akasema wameshaona gari moshi zao, wameridhika, na amewaacha mjini, Kota Lama, kwenye duka la aiskrimu, kwa kuwa bibi alitaka kupumzika na kutazama watu. Kutoka pale hadi bandarini ni pua na mdomo. Watapanda teksi.

"Umewauliza saa ya kurudi?"

"Nimeuliza, Mbak. Mzee kanitajia mwenyewe, nusu kumi na moja," alijibu Wagiman. Mbak kwao ni dada.

"Hujamwachia hata namba ya simu?"

"Mbak Win, wale ni watu wazima, wameshaizunguka dunia. Wewe ndiye unayetia wasiwasi, unataka kuwabeba mgongoni kama watoto wachanga."

Winarsih akatulia. Neno alilolitoa asubuhi lilikuwa limemrudia mchana bila kukosewa hata herufi. Angetaka ushahidi gani zaidi?

Sasa tumrudie pale tulipomwacha, kitandani pa watu, friji ikiwa wazi. Hapo ndipo alipokumbuka mkasa wa juzi yake. Bwana Pember alimwomba chai ya asubuhi "nusu ya saa moja". Winarsih akaipeleka saa kumi na mbili na nusu, na Bibi Pember akafungua mlango na nywele za usingizi, akauliza mbona mapema hivyo. Winarsih alijisemea kimoyomoyo kwamba uzee umeanza kumsahaulisha mzee wa watu.

Mzee hakuwa amesahau kitu. Kwa Mjawa, nusu kumi na moja ni nusu ya njia kuelekea saa kumi na moja, yaani saa kumi na nusu. Kwa Mwingereza, saa kumi na moja imeshagonga, nusu inaongezwa juu yake. Neno moja, saa nzima katikati. Nasi tunaoanza kuhesabu saa jua likichomoza hatuna ubavu wa kumcheka mtu. Binti alisema, bibi akarudia, mzee akamtajia dereva, dereva akakubali, na kila mmoja alikuwa sahihi kwao.

Wazee hawakuwa wamepotea. Walikuwa wanakula aiskrimu taratibu, wakijua wana muda tele.

"Nilitamani wawe wamepotea," Winarsih anakiri. "Mtu akipotea, amepotea mwenyewe. Hawa nilikuwa nimewapoteza mimi."

Alijifungia kwenye stoo ya mashuka na kumpigia Wagiman. Mdogo wake akageuza gari, akarudi Kota Lama, akapiga simu sauti ikiwa imebadilika. Dukani hawapo. Mhudumu amesema wametoka kitambo na kupanda becak, ile baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu, bibi akicheka kama mtoto. Hajui wameelekea wapi. Na jambo jingine, Mbak: rob imeanza kupanda barabara ya bandarini, magari madogo yanageuza.

Hapo hofu ya kazi ikasukumwa kando na hofu kubwa zaidi. Bibi Pember hudungwa sindano kila jioni kabla ya chakula. Aliwahi kumweleza Winarsih, kwa mzaha, kwamba akiikosa sukari humpanda hadi akaongea upuuzi, na akiikosa zaidi haongei tena. Sasa yuko ndani ya baiskeli, ana aiskrimu tumboni, maji yanapanda, na dawa yake iko melini. Meli ikiondoka, bandari inayofuata ni Bali, baada ya siku nzima baharini.

Waswahili husema heri nusu shari kuliko shari kamili. Siku hiyo nusu yenyewe ndiyo iliyokuwa shari.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemsikia asubuhi ile, na Wagiman asingemtaja. Anasema alisimama kwenye ile stoo akiomba spika iite mara ya tatu na sauti ya Bibi Pember ijibu kutoka mahali fulani. Spika ikaita. Hakuna aliyejibu. Akatoka akashuka hadi kwenye mlango wa ngazi, ambako ofisa wa zamu, Mgiriki mmoja mwenye ndevu za mvi, alikuwa na saa mkononi.

"Hawajapotea," alimwambia. "Wanajua wamewahi."

Ofisa akamtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Akamuuliza amejuaje.

"Saa niliwaambia mimi, na niliwaambia vibaya. Dereva wao ni mdogo wangu. Nilimtafuta mimi."

Winarsih anasema ofisa hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha. Alisema tu kwamba rubani wa bandari yuko juu tayari, kina cha maji hakimngoji mtu, na nahodha hawezi kuzuia abiria elfu mbili kwa ajili ya wawili. Pasipoti za wazee zitaachiwa wakala wa meli pale gatini. Winarsih akauliza kuhusu dawa. Dawa nayo apewe wakala. Winarsih akachungulia nje. Wakala alikuwa ndani ya gari lake, kioo kimefungwa, haraka imemjaa usoni kwa sababu ya rob, na insulini inataka barafu na mtu wa kuingoja.

"Niteremke nayo mimi," alisema.

"Ukishuka sasa, hupandi tena mpaka uitwe," ofisa akajibu. "Na sijui kama utaitwa."

Alipanda ngazi akikimbia, akatia kalamu ya insulini na barafu ndani ya chupa ya chai, akachukua kofia ya baridi ya mzee bila kujua kwa nini, akashuka. Sanduku lake, nguo zake na picha za Niken alizobandika kitandani vyote vilibaki. Alikuwa amevaa sare na ndara za kazini. Nyuma yake ngazi ikavutwa.

Meli kubwa ikiondoka haina kelele nyingi. Winarsih, aliyeziona bandari zote akiwa upande wa juu, anasema hakujua kwamba ukiwa chini inaonekana kana kwamba nchi ndiyo inayosogea. Alishika chuma cha geti asianguke. Wakala akampa pasipoti, akamtakia heri, akawahi barabara kabla haijafunikwa.

Akabaki peke yake na mlinzi. Wagiman alipiga simu kusema amezunguka soko, msikiti na stesheni bila kuwaona. Maji yalikuwa yamefika vifundoni mwa mlinzi. Kila taa iliyotokea kwenye kona ilimshtua, na kila ilipopita moja kwa moja alisema tayari, bibi ameanguka, bibi amelala kwenye benchi mahali na watu wanadhani amesinzia. Anasema hajawahi kuogopa namna ile, hata siku alipojifungua.

Becak ilitokea ikiendeshwa katikati ya maji, dereva amekunja suruali hadi mapajani. Bibi Pember alikuwa amenyanyua miguu na kushika mfuko wa batiki mpya. Uso ulikuwa mwekundu, midomo mikavu, lakini macho yalikuwa yake. Bwana Pember alishuka kwa uangalifu, akamwona binti yake wa melini getini, akafurahi. Kisha akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

"Umeona?" akamwambia mkewe kwa fahari. "Tumewahi."

Ndipo wote wawili wakatazama gati.

Winarsih anasema alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, kwa Kiingereza na kwa adabu zote alizofundishwa, lakini aliyaahirisha. Alifungua chupa ya chai. "Bibi, tuanze na sindano," alisema. Bibi Pember aliitazama kalamu, akaitazama sare iliyolowa, akaelewa mengi kwa mara moja. Akainua blauzi pale pale, mbele ya mlinzi aliyegeukia ukutani kwa heshima.

Wazee walilala nyumbani kwa Bu Sumirah, wakainama mlangoni kama wengine, na kesho yake wakapanda ndege kuifuata meli Bali. Bwana Pember aliandika barua kwa nahodha akisema kosa ni la lugha ya Kiingereza. Jibu halijaja.

Siku hizi Winarsih anakaanga mendoan, vipande vya tempe, yaani soya iliyochachushwa, vilivyopakwa unga, barazani kwa mama yake, na simu iko mfukoni mwa aproni. Ofisi iliyompeleka melini imemwambia asubiri kuitwa. Ikilia, anasema, huiacha ilie mara mbili kabla ya kuangalia ni nani.

Anataka kurudi. Kiwanja cha Ungaran bado kipo, na mwenyewe amekubali kumngoja hadi mwisho wa kiangazi.

"Wakiniita, kesho yake naenda," anasema, akigeuza tempe. "Wasiponiita nitalia, sikufichi. Lakini nitalia nikiwa najua yule bibi anapumua."