Pi-yun Aipa Kompyuta Anwani ya Kudumu

Tsai Pi-yun wa mji wa Lukang alidarizi majoka kwa mkono tangu alipoolewa. Macho yalipoanza kumchoka akanunua mashine ya kudarizi, iliyochukua michoro yake kutoka kompyuta kuukuu ya Linux iliyokaa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kazi ilikwenda vizuri mpaka umeme ukatike. Ukirudi, ruta, kile kisanduku cha intaneti, huipa kompyuta namba nyingine ya anwani, na mashine, iliyoshika ile ya zamani, hubaki kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Siku zote alimwita mpwa wake aje kutoka Taichung. Safari hii, pazia la madhabahu ya Mazu, mungu wa kike wa bahari, likiwa nusu na joka halina kichwa, hakumpigia.

"Utaiua hiyo kompyuta," alisema mumewe, Kuo Teng-shan, mbele ya televisheni na bakuli lake la tambi za chaza.

"Nikiiua nitaizika mwenyewe. Wewe kula."

Alifungua mipangilio ya mtandao, akaacha "otomatiki", akachagua kujaza kwa mkono. Akaandika 192.168.1.12, akaziacha namba za 255 zilizokuwamo kama zilivyo, kisha kwenye nafasi ya lango akaweka namba ya ruta. Akahifadhi, akazima mtandao na kuuwasha.

"Mama Chih-hao, opera yangu imeganda," aliita mumewe. "Mwimbaji kabaki mdomo wazi."

Pi-yun alicheka, halafu akaenda kuangalia namba ya televisheni. Kumbe kumi na mbili ilikuwa yake; amewapa wawili kitanda kimoja. Akaingia kwenye ukurasa wa ruta, akakuta inagawa namba mpaka mia moja tu. Basi akaenda mia mbili, ambako hakuna wa kugombana naye, na kwenye mashine akaandika kwamba kompyuta sasa iko hapo.

"Sasa zima swichi kubwa," alimwambia mumewe.

"Na opera je?"

"Zima, mzee."

Akazima, akawasha. Kompyuta iliamka na mia mbili yake. Pi-yun akabonyeza, na sindano ikaanza kutia uzi wa dhahabu kwenye taya la joka. Teng-shan alikuja kusimama nyuma yake, bakuli mkononi, akatazama mpaka tambi zikapoa.

"Mke wangu mtu hatari," alisema taratibu.

Jioni Pi-yun alimpigia mpwa wake.

"Shangazi, umeme umekatika tena?"

"Umekatika na umerudi. Sina shida. Nimetaka ujue tu."