Karibu Iliyotangulia

Kazi yangu ya kwanza nusura niipoteze kwa sababu ya neno karibu. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, wakati tovuti nyingi za Nairobi zilikuwa picha na namba ya simu tu, basi. Kampuni yetu ya watu watatu, iliyobanana kwenye fleti moja kando ya Ngong Road, ilikuwa inatengeneza tovuti yenye akili kidogo: wageni wa hosteli fulani wangeingia, waseme wao ni nani, kisha wachague chumba. Mimi nilikuwa bado kwa majaribio. Nikithibitishwa, ningepanga vyumba viwili Kabiro, kule Kawangware, nimtoe mama Kibera. Hilo ndilo nililotaka, na mengine kwangu yalikuwa kelele.

Mama aliishi peke yake katika chumba cha mabati, mtaa wa Raila huko Kibera. Mtu akisema hodi, alijibu karibu kabla hajageuza kichwa. Ndivyo alivyolelewa kwetu Magharibi, na hakuona kwa nini Nairobi imbadilishe. Mwaka huo mtu alipiga hodi, akakaribishwa, akaomba maji ya kunywa. Mama alipotoka kuyachota, redio na blanketi vikaenda. Nilimgombeza sana.

"Sasa baba," aliniambia, maana nilirithi jina la babake, "ningemfukuzaje na nimeshasema karibu?"

Turudi kwa tovuti. Mgeni akiomba ukurasa wa vyumba, ukurasa huo ulitakiwa kumkagua kwanza. Kama hajajitambulisha, ulipitishe ombi lake kwa ukurasa mwingine, ule wa kuuliza jina na neno la siri, bila yeye kuhisi kitu. Halafu mwenye hosteli akataka salamu juu ya kila ukurasa: Karibu Nyumbani, na picha ya maua. Sikutaka kuiandika mara kumi. Nikaiweka katika kipande chake peke yake, nikaagiza kila ukurasa ukiingize pale juu. Nikajaribu ofisini siku nzima. Safi kabisa.

Tulipoenda kumwonyesha, mteja akafungua kwa kompyuta yake mwenyewe. Karibu Nyumbani ikatokea, maua yakatokea, na chini yake mistari na mistari ya Kiingereza cha seva, ile mashine inayotuma kurasa, ikilalamika kwamba ombi haliwezi kupitishwa kwa sababu jibu limeshaanza kutoka.

"Sasa hii ni karibu gani?" mteja akauliza.

Mkubwa wangu alingoja mpaka tukafika kwa ngazi. "Buda, tunarudi hapa Jumanne. Ikikataa tena, mimi na wewe tumemalizana."

Jumapili nilienda kwa mama nikiwa na hasira ya kutafuta mtu wa kuitwika. Tukiwa tumekaa, mlangoni kukawa na hodi. Mama, mgongo kwa mlango, akasema karibu. Akaingia mwanamume ambaye hatukuwahi kumwona. Alikuwa anamtafuta seremala aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, amtengenezee kitanda. Mtu mwingine angemwonyesha mlango ule yaishe, lakini karibu ilikuwa imeshatoka, kwa hivyo mgeni akapewa kiti, akapewa chai, akaulizwa habari za kwao. Alipomaliza kikombe, seremala alikuwa ameshatoka na msumeno wake. Mgeni akaondoka ameshiba chai na hana kitanda.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo nilipoona jibu langu. Wapi! Nilinuna tu, nikamwambia mama kwamba siku moja atakaribisha mtu wa kumuua. Aliosha kile kikombe.

Jibu nililipata Jumatatu, kwa kusoma programu mstari kwa mstari mpaka macho yakauma. Kipande cha salamu kilikuwa juu, na ukaguzi uko chini yake. Seva ile, ukiiagiza iingize kipande, ilikuwa inaanza kumtumia mgeni maneno papo hapo. Na ukishaanza kumjibu mtu, huwezi tena kumpeleka kwa mwingine kana kwamba hakufika kwako. Ofisini hatukuliona kosa kwa sababu seva ilikuwa inanijua. Nilikuwa najitambulisha asubuhi, na baada ya hapo haikuwa na haja ya kunipitisha popote. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimejenga nyumba ya mama, na mlango wake.

Nikapandisha ukaguzi juu, salamu nikaishusha chini yake. Jumanne ilifanya kazi, na mkubwa akanithibitisha pale pale kwa ngazi, bila sherehe.

Nikampeleka mama Kabiro. Ploti ya mawe, geti la chuma, mlango wenye komeo. Mwenye ploti, mzee aliyezaliwa papo hapo kukiwa bado shamba, alimwambia siku ya kwanza, "Mama, hapa hatufungui kabla ya kuuliza ni nani."

"Nikimuuliza mtu hivyo," mama akaniambia mzee alipoondoka, "si atasema nimejifanya mdosi, mtu wa pesa?"

"Aseme. Uliza nani kwanza, karibu baadaye." Nilimrudia hayo kila siku, wiki baada ya wiki, kwa sauti ile ile niliyotumia kwa mashine.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini na unga mkononi, nikagonga. "Hodi."

Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha miguu yake ikija mpaka nyuma ya mlango na kusimama hapo.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

Ilikuwa sawasawa na nilivyomfundisha, na iliniuma. Nilisimama na ule unga, nikamtajia jina la babake, nikangoja anifungulie.