Bakuli la Mahindi huko Golf

Niliondoka Pweto kwa sababu mjukuu wangu, Yosefu, alikuwa ameanza kula kwa kijiko na mimi sijamwona hata siku moja. Mama yake, Anyesi, ni binti yangu wa pekee. Tangu aolewe Lubumbashi, nyumba yangu imekuwa kubwa kupita kiasi.

Hadi basi lilipofika Kilwa, ziwa letu lilikuwa bado linaonekana, nikawa nalitazama. Baada ya Kasenga ikabaki vumbi tu, na samaki wakavu niliowapakata magotini.

Lubumbashi tuliingia mchana. Teksi ilinifikisha mtaa wa Golf, mbele ya lango jeupe. Anyesi alinikumbatia, akanusa koti langu. "Baba, unanukia nyumbani," alisema, na hakuniachia upesi.

Alipika uji wa Yosefu, akachanganya samaki aliyepondwa na mafuta ya mawese, akaumimina ukiwa bado wa moto katika bakuli la kijani. Nilipolishika, ukingo ulibonyea chini ya kidole changu.

"Hii plastiki inalegea," nikasema.

"Haiko plastiki ya kawaida, Baba. Inatoka ku mahindi. Njo maana nilimuchagulia mutoto."

Lakini hakumlisha. Alilitazama lile bakuli, kisha akambeba Yosefu, tukaenda nyumba ya pili kwa jirani yake, Mwalimu Ilunga, anayefundisha kemia chuo kikuu.

Mwalimu aligeuza bakuli juu chini. "Mahindi njo mwanzo tu, mama. Kisha banatia bintu bingine, bya kukaza, bya rangi, na hapa habakuandika ni nini. Chakula ikiwa moto na mafuta, bile bintu binaweza kutoka na kuingia mu chakula."

"Anakulia mule tangu alianza kukula," Anyesi akasema kwa sauti ndogo. "Atagonjwa?"

"Mutoto iko muzima, siwone sababu ya kukimbia naye hospitali. Siwezi kusema kuna sumu, na siwezi kusema hakuna. Ya moto, umutilie mu sahani ya chuma ao ya kioo."

Njiani Anyesi alilia. "Nilitaka tu nimuchungie muzuri. Na hapa sina mutu wa kuuliza."

Jikoni nilitafuta sahani ya chuma, nikamlisha Yosefu mwenyewe. Alimaliza yote, akalala kifuani pangu, na Anyesi akaketi karibu nasi bila kuwasha taa.

Asubuhi ya kurudi aliniuliza nitakuja tena lini. Nilimwambia barabara ikikauka. Sote tulijua kwamba ilikuwa tayari imekauka.

Nilichojifunza ni hiki: neno "mahindi" linakueleza kitu kilikotoka, halikuelezi kilichochanganywa nacho njiani. Uliza, hata kama kimenunuliwa kwa upendo.

Nimefika Pweto salama. Siku hizi nikipakua bukari, ugali wetu, nangoja ipoe kwanza, kana kwamba kuna mtoto mezani.