Mafuta ya Kumpeleka Baba Mkwe Mbeya

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, wenzake walinunua mashine za kusaga, mabati, ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua gari la michezo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, mashamba ya chai yalikuwa yanabadilisha wamiliki, na meneja mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kwa bei ya kuagana. Likaja nyumbani kwetu Makandana mchana kweupe, jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba watu wa mtaani walilibatiza Ndala siku hiyohiyo. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, na sitaficha, nilitamani kumpiga nao.

Halikuwa na rejeta. Injini ilikaa nyuma, ikipozwa na upepo wa feni basi. Kila tuliposimama njiani mtu mwema alitokea na kopo la maji, na mume wangu alipomweleza kwamba gari hili halinywi maji, yule mtu alimtazama kwa huruma. Maji kweli halikunywa. Lilikunywa petroli. Geji ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo tulipima kwa kijiti cha mwanzi tulichokitumbukiza kwenye tangi, na kila kijiti kilipotoka kikavu nilimkumbusha mume wangu habari za mashine ya kusaga.

Fundi mmoja mstaafu wa kiwandani ndiye aliyetuonyesha kasoro. Gari lilikuwa na kabureta mbili, moja kila upande wa injini, na zikipishana katika kuvuta hewa mafuta yanateketea bure. Unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza. Mume wangu alisikiliza akasema zote zinapiga kelele. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na naongoza kwaya kanisani, na nilisikia mara moja kwamba ya kushoto inavuta kwa pupa, kama yule mwimbaji wangu wa sauti ya kwanza anayetaka asikike peke yake. Fundi akazungusha skrubu mpaka nikamwambia hapo hapo, acha.

Tangu siku hiyo nililipenda lile gari, ingawa sikumwambia mume wangu. Akanifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa mpira, na hapo ikajulikana jambo lingine. Dumu la mafuta lililomwishia yeye Igawilo, nje kidogo tu ya Mbeya, akiwa anarudi, mimi lilinifikisha Mbeya na kunirudisha mpaka mlangoni. Sikuwa na uchawi. Nilipandisha gia mapema, nikaliacha litambae, na sikukaa gia ya pili bila sababu, maana gia ndogo ndiyo inayokula. Yeye alijaribu kuniiga. Mguu wake wa kulia haukuwa na adabu.

Sasa niseme habari za baba mkwe. Alikuwa anakaa Matwebe, mzee wa kanisa, mkulima wa migomba, na kwa miaka saba ya ndoa yetu sikuwahi kumtazama usoni, wala yeye kunitazama mimi. Ndivyo desturi yetu Wanyakyusa ilivyo kati ya mkamwana na baba mkwe, na wengi waliokuwa wamebatizwa hawakuiacha. Hamkai chumba kimoja, hamzungumzi, mkikutana njiani mkamwana anatoka pembeni. Yeye alikuwa na tabia ya kukohoa kabla hajatokea, ili nipate muda. Nikisikia kile kikohozi nilikuwa tayari nyuma ya mgomba, kanga kichwani. Wageni wanaona ni uadui. Kwetu ni heshima, na mtu anayekukoholea miaka saba ili usiaibike unajua kabisa kwamba anakujali.

Mzee huyo alikuwa anapofuka. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika la kushoto na la kulia lilibakiwa na mwanga tu wa kujua usiku na mchana. Tukasikia kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja Mbeya, watapasua wiki hiyo kisha waondoke. Na wiki hiyohiyo mvua ikakata barabara ya malori ya mafuta. Mabasi yakalala. Vituo vya petroli, pamoja na kile kipya cha mtu binafsi tulichokuwa tunajivunia, vikafunga minyororo kwenye pampu. Tulichokuwa nacho ni kilichokuwa ndani ya Ndala. Mume wangu alitumbukiza kijiti, akakitazama, akanitazama mimi.

"Kwa mguu wangu tunafika, haturudi," alisema. "Kwa mguu wako tunarudi."

"Na baba?"

"Ndiyo hiyo, mwalimu. Na baba."

Safari mbili zisingewezekana, kwa hiyo mimi na mzee tungekaa gari moja. Gari lenyewe lilikuwa na viti viwili mbele na kibenchi nyuma cha kuwekea mikoba. Mume wangu alikwenda Matwebe kwa miguu kuuliza, nikabaki nikiomba mzee asikatae. Akarudi na jibu. Mzee alikuwa amesema, "Mimi sioni. Yeye atazame barabara. Kioo mkigeuze."

Basi kioo cha ndani nikakigeuza kikatazama paa. Tuliwakuta asubuhi kwenye lami, mama mkwe amemshika mkono. Nikasikia kikohozi. Nikajifunika kanga na kuinamia usukani mpaka alipokwisha kuingia nyuma, amejikunja ubavu ubavu na blanketi lake. Mume wangu akakaa kati yetu kwa maneno, maana hatukusemeshana.

"Mwambie mkeo gari lake lina joto zuri huku nyuma," mzee alisema tulipokuwa tunapanda Isongole kwenye ukungu.

"Mwambie baba ni injini, iko mgongoni kwake," nilisema.

Mume wangu alikuwa anageuza shingo huku na huku akirudia maneno ambayo sote tulikwisha kuyasikia. Nilicheka peke yangu. Sikumbuki kama nimewahi kuendesha vizuri kama siku ile, nikisikiliza kabureta zote mbili zikivuta pamoja mpaka Uyole, tukaingia Mbeya.

Walimpasua jicho la kulia. Tulilala kwa ndugu, na kesho yake wakamfungua bandeji, wakampa miwani mizito kama kitako cha chupa. Sikuwapo, nilikuwa nje na gari. Mume wangu alitoka machozi yanamtiririka, akasema baba amesoma kibao cha mlangoni, herufi kubwa, yote. Nililia na mimi, nikiwa nimegeukia ukuta kwa sababu mzee alikuwa anakuja nyuma yake akikohoa.

Petroli hata Mbeya haikuwapo, madumu tu yamepangwa foleni. Nikatumbukiza kijiti. Kilitoka na unyevu ncha tu, wa kutosha kama sitafanya ujinga wowote. Tukaondoka. Mume wangu alikuwa anamwonyesha baba yake milima, na nyuma hakukuwa na jibu. Tulipomaliza mwinuko akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Baba, umelala?"

"Silali. Nimefumba."

"Jicho linauma?"

"Haliumi," mzee alisema. "Kuja nilikuwa sioni. Sasa naona, na mkamwana wangu yuko hapa mbele. Nitafumbua nyumbani."

Mtu amekaa gizani miaka, amepewa nchi yake siku ileile, na alikuwa ameirudisha kwa hiari njia nzima kwa ajili ya kisogo changu. Nilivumilia mpaka tulipovuka Kiwira na chai ikaanza kuonekana huku na huku, mvua imekatika, majani yanang'aa. Hapo nikashindwa. Sikumwambia mume wangu amwambie.

"Baba," nilisema mimi mwenyewe, "fumbua macho. Tumefika kwenye chai."

Mume wangu aliganda. Nyuma nikasikia kikohozi, kile kile cha miaka yote, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mgomba wa kujificha wala mikono ya kushika kanga. Nikashika usukani, macho barabarani. Nikasikia blanketi likisogea kuelekea dirishani.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru kwa Kinyakyusa, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Baada ya muda akaongeza, "Panandi panandi. Nenda polepole kidogo, nitazame."

Nilikuwa gia ya nne, mguu mwepesi, kila tone limehesabiwa mpaka nyumbani. Mume wangu alinitupia jicho, akatazama pale tulipokiweka kijiti. Nikapunguza, nikarudisha gia ya pili.